Iweke Sindano Chini, Dada Yangu

Sehemu ya saba

"Sikiliza," shemeji yake alisema kwenye simu. "Sikiliza mwenyewe, halafu uniambie huyu ni nani."

Kukapita mkwaruzo kidogo, kisha sauti ya mwanamke ikaanza kuongea polepole, kwa upole wa mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda chako.

"Dada yangu, iweke sindano chini. Umechomwa vya kutosha."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoachana naye Jumamosi iliyopita, msomaji, amesimama katikati ya sebule yake, simu sikioni. Na wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kaa, hujachelewa. Jua tu kwamba mwanamke huyu ni mwandishi wa kujitegemea, kwamba waandishi wenzake humwita Mama Mkato, na kwamba asubuhi ile dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa ameanguka bafuni. Walipomwinua hakumtambua hata mume wake.

"Huyo si mimi, shemeji."

"Si wewe?" Shemeji alicheka kicheko kikavu. "Miaka ishirini nakula na sauti hiyo meza moja. Unavuta pumzi kabla ya kusema 'lakini'. Haya, sikiliza hapa."

"Najua unaogopa," sauti ikasema. Ikavuta pumzi. "Lakini hata mimi niliogopa, mpaka nilipoijua dawa hii, Pumziko."

Mama Mkato aliishusha simu, akairudisha sikioni.

"Siku kumi na moja hajajichoma insulini," shemeji aliendelea. "Amekunywa chupa tatu za huo uchafu. Kila nikimkataza ananiambia, mdogo wangu hawezi kunidanganya. Sasa sema."

"Naja hospitali."

"Njoo. Lakini huo mdomo wako uuache huko huko."

* * *

Dada alikuwa amelala chali, dripu mkononi, midomo imekauka na kupasuka. Mama Mkato alimshika kidole gumba cha mguu, kwa juu ya soksi, kama walivyokuwa wakishikana utotoni. Dada hakutikisika.

Daktari wa zamu, mama mmoja ambaye miwani yake haikukaa puani, alisoma faili akiwa wima.

"Nani alimwambia aache insulini?"

Shemeji, fundi umeme mwenye mwili mkubwa, alimwonyesha daktari Mama Mkato kwa kidevu: huyo hapo.

"Ni wa tatu wiki hii," daktari alisema. "Wote na chupa hiyo hiyo. Wa kwanza alitoka kwa miguu yake."

"Na wa pili?"

"Wa pili hatukumwahi."

Daktari alifunga faili akaenda kitanda kingine. Mama Mkato hakusubiri kuambiwa aondoke. Alijua mahali pamoja tu duniani ambako sauti yake ilikuwa imewekwa.

* * *

Tuseme ukweli kuhusu mwanamke huyu. Kwa miaka kumi na nane aliandikia jarida moja, makala mbili kila mwezi, bila meza, bila kitambulisho, bila jina lake ukutani. Jina la Mama Mkato alilipata kwa ukali wake. Mhariri akihamisha mkato mmoja, simu italia kabla hajamaliza chai yake.

Kisha asubuhi moja ukaja ujumbe wa mstari mmoja: tunapunguza waandishi wa nje, tunakushukuru. Haukuwa na mkato hata mmoja.

Kila aliyepelekewa kilio chake alimpa dawa ile ile. Jifunze ujuzi mpya. Usimtegemee mteja mmoja. Siku hizi mwandishi anasoma vitabu kwa sauti, anaandika matangazo, anatafsiri filamu. Mwandishi wa makala peke yake atakufa na makala yake.

Akaenda kwa Profesa.

Profesa hakuwahi kufundisha chuo chochote. Jina alijipa mwenyewe. Kituo chake kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vipuri: kimoja cha darasa, kimoja ofisi, na kimoja cha kurekodia, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usisikike. Waandishi waliofukuzwa kila mahali walijazana pale, watu wazima na daftari mpya, kama darasa la kwanza.

Na Mama Mkato aling'ara. Hilo ndilo lililomuuma zaidi leo, akipanda ngazi mbili mbili. Aling'ara.

* * *

"Mama Mkato!" Profesa aliinuka na mikono wazi. "Nilikuwa nataka kukupigia. Wateja wamekupenda kupita kiasi."

"Wateja gani?"

"Keti kwanza."

"Sikai. Mimi nilikusomea hadithi za watoto. Sungura, mvua, yule paka aliyepotea. Sijawahi kusoma tangazo la dawa maishani mwangu."

"Hukusoma. Nani amesema umesoma?" Profesa alirudi kitini taratibu. "Ulitusomea saa arobaini. Kompyuta ilikusikiliza saa zote arobaini, haikusinzia hata dakika. Sasa inajua unavyocheka, unavyovuta pumzi, unavyolainisha neno. Ukiipa maandishi yoyote, inakusomea wewe. Hiyo ndiyo kazi ya siku hizi, mama. Unalala, sauti yako iko kazini."

"Sauti yangu imeua mtu."

Profesa hakupepesa jicho. "Chupa ndiyo imeua. Sauti haina sumu."

"Nakupeleka mahakamani."

"Kwa lipi?" Alivuta droo, akatoa mkataba, akaugeuza umwelekee. "Kifungu cha tisa. Soma kwa sauti. Unasoma vizuri sana."

Aliusoma kimya. "Msomaji anakipa kituo sauti yake, na mfanano wowote wa sauti hiyo, kwa matumizi yoyote ambayo kituo kitaona yanafaa."

Ndani ya sentensi ile kulikuwa na mikato miwili ya wino mwekundu.

Alikumbuka siku ile. Alikumbuka alivyoupokea mkataba, akautazama kwa dharau, akasema hii ni kazi ya mtu asiyejua kuandika. Aliomba kalamu nyekundu. Alikaa saa nzima kwenye kiti kile pale, miguu ameikunja, akasahihisha ukurasa hadi ukurasa. Nukta hapa. Mkato pale. Herufi kubwa isiyotakiwa. Kisha akasaini, akamrudishia Profesa kama mwalimu anayerudisha daftari la mtoto mzito.

"Nilijiambia, mama huyu kasoma kila neno," Profesa alisema. Hakuwa anacheka, na afadhali angecheka. "Wengine wanasaini bila kufungua. Wewe uliupamba."

Mama Mkato aliusukuma mkataba kando.

Lakini hakuwa mtu wa kulala chini mapema. Alishika ukingo wa meza.

"Sawa. Sauti nimekupa mwenyewe, mpumbavu ni mimi. Na maneno? Yule aliyeandika 'iweke sindano chini', yule aliyekaa akafikiria namna ya kumdanganya mgonjwa wa sukari, nipe jina lake. Huyo hana kifungu cha kujifichia."

Kwa mara ya kwanza tangu Mama Mkato aingie, Profesa alionekana kama mtu asiyefurahia anachotaka kufanya.

"Kweli hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

Aliinuka, akaenda kwenye kabati la chuma, akapekua mafaili. Aliporudi alikuwa na karatasi moja iliyotolewa kwenye daftari, kingo zake zikiwa na meno.

Juu kabisa paliandikwa: Zoezi la nne. Tangazo la dawa ya kubuni. Kumi juu ya kumi.

Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa kulala upande, mwandiko alioujua kuliko uso wake: Dada yangu, iweke sindano chini. Umechomwa vya kutosha.

* * *

Kelele za duka la vipuri zilipanda kutoka chini, mtu akigonga chuma.

"Ulituambia ya kubuni," alisema. Sauti ile ile iliyokuwa inauza chupa nchi nzima ilitoka kama ya mgonjwa. "Ulisimama mbele ya ubao ukasema, buni dawa yoyote, hili ni zoezi tu."

"Na ilikuwa ya kubuni. Wewe ndiye uliyeipa jina Pumziko. Jina zuri. Miezi mitatu baadaye akaja mtu ana chupa, hana maneno." Profesa aliinua mabega. "Kazi za darasani ni mali ya kituo. Kifungu cha nne. Hicho nacho ulikisahihisha."

Sasa yalimrudia yote, kati ya mazoezi lukuki aliyoyaandika na kuyasahau. Andikia mtu mmoja, Profesa aliwaambia siku ile. Usiwaandikie watu. Mwandikie mtu mmoja unayemjua, wa kweli, ukimgusa huyo umewagusa elfu.

Naye akamchagua dada yake.

Aliandika jinsi anavyojichoma asubuhi na jioni, mapajani, mpaka amekosa pa kuchoma. Aliandika anavyofunga mlango wa chumba ili wajukuu wasione. Aliandika hata lile la nguo kunuka spiriti, jambo ambalo dada alimwambia yeye peke yake, siku moja wakikunja nguo, akicheka ili asilie. Aliyaweka yote mle. Darasa lilimpigia makofi. Alirudi nyumbani akitembea kama msichana aliyefaulu mtihani, na siku ile hakumpigia dada simu, kwa sababu alikuwa na zoezi la tano.

"Wanataka mengine kumi na mawili," Profesa alisema. "Presha. Macho. Maumivu ya mgongo. Wanasema mwandishi huyu anaingia ndani ya mtu. Nakupa kazi ya kudumu, mama. Meza yako mwenyewe, jina lako mlangoni. Bima ya afya."

"Bima ya afya," alirudia.

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba alimtemea mate. Hakumtemea. Alisimama pale akaifikiria meza ile. Miaka kumi na nane aliandikia kwenye magoti yake, kwenye kitanda, kwenye benchi za ofisi za watu. Aliifikiria kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano, akaiona kabisa, na droo zake. Kisha akaona soksi za dada yake, akaona haya. Hakujua kama ni kwa ajili ya Profesa au kwa ajili yake mwenyewe.

Aliinyakua ile karatasi akageuka.

"Ichukue," Profesa alimwambia mgongoni. "Ipeleke polisi, ipeleke popote. Ina mwandiko wako. Wangu haumo."

* * *

Dada alizinduka saa saba mchana. Walikuwa watatu tu pale, yeye, mgonjwa na shemeji. Muuguzi alikuwa amekwenda kutafuta shuka, na mama wa kitanda cha jirani alikuwa usingizini.

Macho yalifunguka, yakazunguka darini, yakatua.

"Nani amenivua soksi?"

Shemeji alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Wauguzi walikuwa wamezivua ili wampime miguu. Akasema anakwenda nje kuwapigia watoto, awape habari njema. Akatoka haraka, simu tayari mkononi.

Mama Mkato alivuta kiti. Hakujua aanzie wapi, akaanzia mwisho. Alimwonyesha dada ile karatasi.

Dada aliisoma kwa shida, akiisogeza mbele na nyuma. Alipofika penye spiriti, aliishusha kifuani.

"Hili nilikuambia wewe tu."

"Najua."

"Basi ndiyo maana." Alifumba macho. "Mimi nilijua ni tangazo. Sijaishiwa akili. Lakini nilipoisikia ile ya nguo kunuka, nikasema, mdogo wangu ananisemesha. Nikadhani umeona haya kuniambia uso kwa uso, ukaamua kunipitishia redioni. Nikawa naisubiri. Saa nne asubuhi inapigwa, na saa kumi jioni. Nilikuwa nazima jiko nikae nisikilize."

"Dada..."

"Mara ya mwisho kunipigia ilikuwa lini?"

Mama Mkato alianza kuhesabu siku. Alikuwa na kozi. Alikuwa na kurekodi. Alikuwa anajifunza kutafsiri filamu. Sababu zilikuwepo zote, kila moja ya kweli, na hakuna hata moja iliyofaa kutamkwa mbele ya dripu.

"Ile ya redioni ilinipigia kila siku," dada alisema.

Hakuna kofi ambalo lingeuma hivyo. Mama Mkato aliinama akaanza kulia, mabega yakimtikisika.

"Usilie hapa. Utalia kwako." Sauti ya dada ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ile iliyomwamsha kwenda shule. "Kuna wenzangu kule kliniki wanakunywa hiyo kitu. Chukua simu. Sema ukweli kwa mdomo huo huo."

Akafuta uso kwa kiganja, akarekodi. Hakuandika kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake yote.

"Mimi ndiye mnayenisikia kwenye tangazo la Pumziko. Sauti imetengenezwa na kompyuta kutoka kwenye sauti yangu. Maneno niliyaandika mimi, darasani, kwa dawa ambayo haikuwepo. Mtu wa damu yangu yuko kitandani leo kwa sababu hiyo, na mtu mwingine amekufa. Tupeni chupa. Rudini kwenye sindano zenu."

Aliutuma kwenye grupu la familia, kwenye grupu la waandishi, na kwa simu ya dada akautuma kwa wagonjwa wa kliniki. Ujumbe wa kwanza kurudi ulitoka kwa mwandishi mwenzake: *Pole, lakini umejimaliza. Nani atakupa kazi sasa?*

Aliufuta.

Shemeji alirudi na chupa ya maji, akamkalia mkewe pembeni, akawa anampapasa nywele. Kwa nusu saa walikuwa kama familia. Mama Mkato alithubutu hata kumrudishia dada soksi zake, moja moja, na dada akamwacha amvishe.

Ndipo mama wa kitanda cha jirani alipoamka, akashika simu yake, akaiweka sikioni. Akaishusha. Akamtazama Mama Mkato kwa mashaka.

"Samahani, mwanangu. Huyu si wewe?"

Akabonyeza, na sauti ikajaa wodini.

"Ndugu zangu, ule ujumbe mliotumiwa mchana huu si wangu." Ikavuta pumzi. "Lakini msiogope. Kuna watu wameiba sauti yangu ili kuwatisha. Mimi ni mzima na dada yangu pia ni mzima. Amezinduka leo saa saba baada ya kunywa Pumziko, na neno lake la kwanza alituchekesha sote, eti anatafuta soksi zake. Endeleeni."

"Kwa hiyo niendelee?" mama yule aliuliza. Mkono wake ulikuwa chini ya mto, na Mama Mkato aliona shingo ya chupa ikichungulia.

"Usinywe!" Alimrukia akampokonya chupa ile, ikaanguka, ikavingirika chini ya kitanda. "Usinywe, mama, nakuomba. Mimi ndiye mimi. Huyo siye."

"Na yeye anasema hivyo hivyo," mama alisema kwa unyonge.

Mama Mkato alisimama pale, na jambo moja likamjia taratibu kama maji yanayopenya chini ya mlango.

Soksi.

Katika ujumbe wake hakuitaja saa. Hakutaja soksi. Muuguzi hakuwepo, na jirani alikuwa amelala. Maneno yale yalisikiwa na watu watatu. Mmoja alikuwa kitandani na dripu. Mmoja alikuwa yeye.

Aligeuza shingo.

Shemeji alikuwa ameacha kumpapasa mkewe nywele. Alikuwa anaitazama sakafu, jasho limemchuruzika kwenye mashavu.

"Uliwapigia watoto?" Mama Mkato alimuuliza.

"Shemeji, ngoja nikueleze."

"Nakuuliza, uliwapigia watoto?"

"Si kama unavyofikiri. Niliyempigia ni yule aliyenipa chupa za kusambaza mtaani hapa hapa, sikujua kama..."

"Mwache," dada alisema.

Dada alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imesimama, na hakuwa anamtazama mdogo wake. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Tangazo nililisikia baadaye," alisema. "Chupa ya kwanza aliileta yeye. Na insulini yangu, muulize aliipeleka wapi."